Winchi Juu ya Kitanda

Asubuhi akija mhudumu mmoja, siku hiyo mimi ni mgonjwa. Wakija wawili, ni mtu mzima mwenye kazi yake. Mwili wangu ni ule ule siku zote mbili: miguu haisimami, mabega hayana nguvu ya kuninyanyua, vidole ni vizima, na mdomo, kama wanavyosema nyumbani kwetu, haujawahi kuugua. Kinachobadilika ni idadi yao. Kanuni ya Huduma, idara ya serikali inayowaleta, inasema mtu wa uzito wangu hanyanyuliwi na mhudumu mmoja, asije akaumia mgongo. Kwa hiyo akija peke yake ananiosha pale pale kitandani, ananigeuza, ananinywesha chai kwa mrija, ananifunika shuka na kuniaga. Kutwa nzima nabaki kuutazama ukuta wa pili, ambao meza yangu imeuegemea.

Mezani pale ndipo ilipo riziki yangu. Karani wa mahakama hunitumia sauti za kesi, nami naziweka kwenye maandishi: hakimu kasema hivi, wakili kajibu vile, shahidi kalia. Lazima niwe nimekaa, viwiko vikiwa juu ya meza, kwa sababu nikilala mikono yangu haiinuki. Ni kazi ya kusikiliza watu wakigombana bila kuingilia. Imeniingia damuni, na ndugu zangu wanasema nina moyo wa jiwe. Si kweli. Nina masikio tu, na mazoea ya kungoja mtu amalize.

Ugomvi niliousikiliza kuliko wote ni wa mdogo wangu na serikali, na kesi yenyewe nilikuwa mimi.

Mdogo wangu ana gereji mtaa wa pili, na huko wanamwita Huria. Jina hilo amelipata kwa sababu hawezi kufunga nati bila kutoa hotuba. Yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana, na sauti inatoka huko: serikali haina chake, yote iliyo nayo imemnyang'anya mtu, serikali ikikulisha, itakuchagulia na kijiko, watu wakiachwa huru watasaidiana wenyewe, kwani nani aliwafundisha kupendana, wizara? Wateja wanaitikia, maana gari bado liko juu ya jeki.

Sitamcheka sana, kwa sababu najua hotuba hizo zilikotoka. Baba yetu alipougua figo, hospitali kubwa ilimrudisha kwa kuwa hakupitia hospitali ya kati, na daktari wa hospitali ya kati alikuwa likizo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na daktari mwenye zahanati yake, aliyekuwa tayari kumpokea siku hiyo hiyo, lakini kibali chake hakikumruhusu kugusa magonjwa hayo. Mdogo wangu alikuwa kijana mwenye nguvu. Alimbeba baba mgongoni kutoka mlango hadi mlango, na baba alikata roho kwenye benchi, wakiwa wameambiwa wasubiri. Tangu hapo Huria haingii ofisi ya umma bila kukunja ngumi.

Aliyekuwa akigombana naye ni afisa wa Huduma, msimamizi wa wahudumu wetu, ambaye kimoyomoyo nilimwita Bwana Kanuni. Mtu mwembamba, mpole, viatu vimeng'arishwa hata wakati wa matope. Alipokuja kukagua, Huria aliacha gereji akaja kukaa upande wa pili wa kitanda, na wale wawili wakaanza kurushiana maneno juu ya tumbo langu.

"Kabla hamjaja, majirani walikuwa wanamsaidia dada yangu," Huria alisema. "Leo ukimwambia jirani aje amnyanyue, anakujibu, kwani wale wa serikali wako wapi? Mmeua utu wa watu, halafu mnaleta mtu mmoja anayehitaji mwenzake."

"Na yule ambaye hana kaka mwenye gereji?" Bwana Kanuni aliuliza. "Nina mzee mmoja kule juu, hana mke, hana mtoto, na majirani wanaziba pua wakipita kwake. Huyo tumwachie nani?"

"Msingewakamua watu kodi, wangekuwa na cha kumpa."

"Wangekuwa nacho. Sijui kama wangempa."

Hakuna aliyeshinda. Hakuna aliyeniuliza pia. Ningeulizwa, ningewaambia kwamba kila mmoja alikuwa amesema ukweli nusu. Nakumbuka miaka ya majirani. Walikuja, tena kwa moyo, na kila mmoja alikuja kwa saa yake, akiwa na mgeni wake wa kumwonyesha mimi, ushauri wake wa dawa na maombi yake ya sauti ya juu. Na mimi nilitabasamu. Nilitabasamu nikiwa na mkojo, nikiwa na njaa, nikiwa na hasira, kwa sababu mtu anayekusaidia bure hawezi kununiwa. Huria anaongea juu ya kodi kama vile anayeitoza ni serikali peke yake. Shukrani nayo ni kodi, na haina msamaha hata kwa masikini. Huduma ilipoanza, nilifurahi kuliko mtu yeyote, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliweza kuoshwa nimenuna.

Lakini kununa kitandani kutwa nzima nako kunachosha.

Mambo yalianza kubadilika wiki ile mhudumu wa pili alipohamishwa, na mbadala wake akawa bado hajapangwa. Akawa anakuja Mama Pole peke yake. Huyu ni mama mnene, mwenye mikono ya joto, ambaye hawezi kukugusa bila kusema pole, na akikosa wa kumgusa atauambia pole hata mto. Kila asubuhi nilimuuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Kila asubuhi alinijibu, "Pole, dada'ngu, wanamtafuta." Kazi ya karani ilikuwa inanisubiri mezani, kesi ya ardhi ya ndugu saba. Siku zikapita. Mwishoni karani akanipigia, kwa upole mkubwa, kuniambia kwamba kazi ile amempa mtu mwingine, na kwamba angeona baadaye kama kuna nyingine.

Nililia siku hiyo. Huria alinikuta nalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa hotuba. Alisimama akaangalia dari kwa muda mrefu, akapanda juu ya kiti, akagonga boriti kwa kifundo cha kidole, akashuka, akaondoka.

Kesho yake alirudi na winchi ya kuinulia injini.

Alikuwa ameibadilisha. Mnyororo wa kuvuta kwa mkono aliutoa, akaweka mota aliyoichomoa kwenye gari bovu, betri pembeni, na waya mrefu wenye vitufe viwili, cha juu na cha chini. Reli ya chuma aliichomelea kutoka juu ya kitanda hadi mezani, na juu ya kitanda akaiinamisha kidogo ili nikishaning'inia niteleze polepole kwa uzito wangu mwenyewe. Kurudi kitandani kulikuwa na kamba ya kujivuta, yenye magurudumu madogo, ambayo hata mikono yangu iliiweza. Wifi yangu, mke wake, ambaye ni mshonaji na hana imani na kitu chochote kilichotoka gereji, alishona bembea kwa mikanda ya viti vya gari. Aliishona mara tatu tatu kila mahali huku akisonya.

"Hii imewahi kubeba injini ya lori," Huria alisema, akinifunga mikanda. "Wewe ni nini mbele ya injini ya lori?"

"Injini haina mifupa," wifi alisema.

"Injini haina mdomo pia. Dada, bonyeza."

Nikabonyeza. Mikanda ikakaza, kitanda kikaniachia taratibu, na nikapanda. Wifi alifumba macho. Nilizunguka kidogo hewani, nikaona sehemu ya juu ya kabati, penye vumbi na chupa ya manukato niliyodhani imeibwa. Kisha nikateleza hadi kwenye kiti changu cha magurudumu cha betri, kilichokuwa mezani, nikabonyeza kitufe cha chini, nikakaa. Hakuna aliyeninyanyua. Sikumwambia mtu asante wala pole. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka watoke wote wawili niifurahie peke yangu.

Kulala na bembea imetandikwa chini yangu hakukuwa raha, lakini nilizoea. Nikawa naamka ninapotaka. Karani akaniletea kesi ndogo, halafu kubwa.

Mama Pole alipofungua mlango na kunikuta mezani, hedifoni masikioni, alipiga kelele kama kaona mzimu. Aliniomba nimwambie kwamba kaka yangu ndiye aliyeninyanyua. Sikutaka kusema uongo, naye, akihofia kazi yake, akatoa taarifa, na sikumlaumu. Bwana Kanuni akafika siku hiyo hiyo.

Aliikagua ile mashine kwa heshima, nakiri. Aligusa reli, akavuta mikanda, akauliza nani ameshona. Kisha akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Mama," aliniambia, "kuna mtu katika eneo langu alitengenezewa kitu kama hiki. Ndoano ilifyatuka. Mimi ndiye niliyeitwa. Sitaki kuitwa tena."

"Basi leteni mtu aipime," nilisema.

"Tunapima vifaa tulivyotoa sisi tu."

"Nipeni chenu."

"Vyetu havitolewi kwenye nyumba iliyopangiwa wahudumu wawili."

"Wahudumu wawili hawaji."

"Hawaji," alikubali, na uso wake ulionyesha aibu ya kweli. "Lakini wamepangwa. Na watumishi wangu siwezi kuwaingiza chumba chenye mashine isiyopimwa. Ikiwaangukia wao, nitasema nini? Iondoe, au huduma itasimama. Ni kwa usalama wako."

Huria alikuwa amesimama mlangoni. "Isimame!" alisema. "Isimame leo!"

"Namuuliza yeye," Bwana Kanuni alisema, na nilimpenda kidogo kwa hilo.

Nikafikiri. Upande mmoja kulikuwa na kuoshwa bila kumwomba mtu radhi, na macho ya mtu aliyefundishwa kukagua mgongo wangu kila siku, maana mtu kama mimi huuawa na kidonda cha mgongoni ambacho mwenyewe hawezi kukiona. Upande wa pili kulikuwa na meza. Niliogopa sana. Nikamwambia huduma isimame.

Huria alinikumbatia. Jioni ile gereji nzima ilikuwa inajua kwamba dada yake ameifukuza serikali chumbani. Alikuwa akisimulia kama vile aliyelala kitandani ni yeye.

Nilimtafuta msaidizi mwenyewe, kwa pesa za kazi yangu. Wa kwanza aliongea mno, wa pili aliogopa winchi. Wa tatu alikuwa dada mmoja aliyewahi kufua mashuka ya hospitali, ambaye huongea kama mtu anayetumia maji ya kununua. Nikamwita Kimya. Alikuja mchana na alikuja jioni, na aliniosha jioni, jambo ambalo nililitamani miaka yote, maana nani anataka kuoshwa alfajiri kwa baridi halafu alale na uchafu wa siku? Mama Pole, siku yake ya mapumziko, alikuja kama mgeni, amevaa kanga yake mwenyewe badala ya sare, akamwonyesha Kimya jinsi ya kuukagua mgongo: pa kubonyeza, wekundu upi unapita na upi haupiti. Alikuwa amekatazwa kufanya hivyo. Alisema pole kwa kanuni aliyoivunja, akanywa chai, akaondoka.

Huria aliposikia alifurahi kupita kiasi. "Unaona? Watu wakiachwa!" Na nilimkubalia. Yalikuwa maisha mazuri.

Kisha siku moja mchana, nikiwa narudi kitandani kupumzisha mgongo, waya wa mota uliungua. Nilisikia harufu kwanza. Nilikuwa katikati ya chumba, juu, simu iko mezani. Nilibonyeza chini. Nikabonyeza tena. Mikanda ilinikata mapajani, miguu ikavimba, na baada ya muda nikaacha kuisikia kabisa. Niliita. Halafu nikaita tena, na niligundua kwamba ninayemwita ni mama yangu, ambaye tulimzika zamani. Sitasema kwamba nilikuwa jasiri. Niliahidi vitu vingi sana pale juu, ikiwa ni pamoja na kuiondoa mashine.

Kimya alinikuta. Alisukuma kitanda hadi chini yangu, akarundika magodoro na mito mpaka nikapumzisha uzito, akampigia Huria. Mdogo wangu alifika akiwa na mafuta ya gari hadi puani. Alinishusha kwa mkono, akanilaza, akaanza kunifungua mikanda akawa anaikaza badala ya kuilegeza, hadi Kimya alipomsogeza pembeni akamalizia yeye.

Kesho yake alitengeneza waya. Na kwa vile ni fundi wa magari, na fundi wa magari akitaka kuzuia kitu kisitembee anajua njia moja tu, akaweka swichi ya ufunguo, ile ya kuwashia gari, kati ya betri na mota. Alizungusha ufunguo, akautoa, akauvisha kwenye mshikizo wa funguo zake.

"Nitakuja asubuhi kabla ya kufungua gereji nikutoe," alisema. "Jioni nikifunga nitakuja nikurudishe. Mimi nikiwepo, hakuna kitakachokupata. Ni kwa usalama wako, dada."

Nilimwangalia kama atacheka. Hakucheka. Nyani haoni kundule. Nilikuwa bado na michubuko mapajani na hofu kifuani, basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu akakuhesabu kuwa ridhaa.

Asubuhi za mwanzo alikuja mapema. Baadaye akawa anakuja kadiri wateja walivyomruhusu. Jioni nililala viwiko juu ya meza nikimsubiri, naye akiingia ananiambia lori lilikuwa na shida ya gia. Sikuweza kumnunia, nikajikuta natabasamu. Lile tabasamu la zamani, la miaka ya majirani, nilidhani nimelizika. Halafu ikaja siku alipoitwa mbali kwenye basi lililoharibika, mahali pasipo na mtandao. Nililala kitandani kutwa. Winchi ilikuwa juu ya pua yangu, nzima kabisa, betri imejaa, nami nimefungwa bembea, na kilichokosekana ni kipande cha chuma kilichokuwa mfukoni mwa mtu anayeamini kwamba hakuna binadamu anayepaswa kumtawala mwenzake.

Kimya alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema. "Angalau serikali ilikuwa na dirisha la malalamiko."

Alikuwa sahihi. Bwana Kanuni nilikuwa naweza kumshtaki kwa mkubwa wake. Ndugu anayekupenda unamshtaki wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, nacho kinakuambia ni joto.

Huria aliporudi nilimwomba ufunguo.

"Hapana," alisema.

"Mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo, dada, lakini hukujiona ulivyokuwa. Mimi nilikuona. Ulikuwa wa bluu."

"Mwili wangu, nyumba yangu, hatari yangu. Kwani si ndiyo unayoyahubiri kutwa?"

"Hayo ni mambo ya serikali," alisema. "Mimi si serikali. Mimi ni ndugu yako."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Aliumia. Aliondoka bila kuaga, ufunguo ukilialia mfukoni. Usiku huo sikuwa na hasira tena, nilikuwa na huzuni tupu, maana nilijua kwamba hatanipa kamwe. Alikwisha kumbeba mtu mmoja mgongoni, na akamfia kwenye benchi. Hakuwa tayari kwa wa pili.

Sasa, ng'ambo ya barabara kutoka gereji ya Huria kuna gereji nyingine. Mwenye nayo anaitwa Ng'ambo, na mdogo wangu, anayesema ushindani ni mama wa kila kitu kizuri duniani, hajamsalimia kwa miaka kwa sababu alishusha bei ya kubadilisha breki. Nikampigia simu Ng'ambo. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

Alikuja asubuhi, na Kimya, niliyemwomba awahi siku hiyo, akamfungulia. Ng'ambo aliizunguka mashine, akapiga mluzi. "Mwenye haya mambo ni fundi," alisema. "Mshenzi, lakini fundi." Akaing'oa swichi ya ufunguo. Mahali pake akaweka kifaa kingine: kamba ya kuvuta ambayo, umeme ukikatika au waya ukiungua, inalegeza ngoma ya winchi polepole hadi mtu afike chini kwa uzito wake. Ili kunihakikishia, alijifunga mwenyewe kwenye bembea, mtu mzima na kitambi chake, akapanda hadi darini, akamwambia Kimya achomoe betri, akavuta kamba, akashuka kama mkungu wa ndizi. Kimya alicheka. Sikujua kwamba anaweza. Nikamwomba Ng'ambo pia anishushie komeo la mlango wa mbele, usawa wa kiti changu. Nikamlipa alichotaja, hakuongeza wala hakupunguza, na sikutakiwa kutabasamu. Nilitabasamu kwa hiari yangu.

Huria alifika wakati Ng'ambo anapakia vifaa. Wakapishana uani kama paka wawili. Aliingia akanikuta mezani, akaangalia juu, akaona pale palipokuwa na swichi yake.

"Umemleta yule," alisema. "Humu. Kwenye nyumba aliyokuachia baba."

"Alikuwa na nafasi leo."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka."

"Usiseme hivyo!" Alipiga kelele, kisha akakaa kwenye kitanda changu kitupu, akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi. "Usiniambie hivyo, dada. Ukianguka mimi ndiye nitakayeitwa."

Nikageuza kiti kumkabili. Nilitaka kumwambia mengi, kama wakili, na nilikuwa nayo yote kichwani. Lakini alikuwa analia, na ni mdogo wangu.

"Nipe na ufunguo wa mlango," nilimwambia.

"Hata wa mlango?"

"Kimya ana wake. Likitokea jambo, atakuita. Wewe njoo kama mgeni."

Alichukua muda kuutoa kwenye mshikizo. Funguo zake zilikuwa nyingi, na kucha zake zilikuwa fupi. Akauweka mezani karibu na hedifoni, akaondoka, na sikujua kama atarudi wiki hiyo au mwaka huo.

Asubuhi iliyofuata nilijinyanyua, nikateleza, nikakaa. Kesi ya siku hiyo ilikuwa ya watu wawili waliogombania mti uliosimama mpakani. Nilikuwa bado sijavaa hedifoni niliposikia mlango wa mbele ukigongwa.

"Hodi," alisema mdogo wangu.

Hakuwahi kuniambia neno hilo tangu nilipougua. Hakuna aliyewahi. Wote walikuwa wakiingia tu: majirani na maombi yao, wahudumu na beseni zao, yeye na funguo zake, wakanikuta nilivyo.

"Ngoja," nilisema.

"Nangoja," alijibu.

Sikuwa na chochote cha kufanya. Nguo nilikuwa nimevaa. Nilikaa pale nikisikiliza viatu vyake vikihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine barazani, na nikasikia akimwambia mpita njia kwamba ameambiwa angoje. Nilimpenda sana wakati ule, na machozi yalinitoka, na nikamwacha angoje zaidi kidogo. Kisha nikasukuma kiti hadi mlangoni, nikavuta komeo, nikamfungulia.